Zana za Wajenga Tovuti wa Arua na Koboko

Ndugu wafanyakazi, katika mashamba ya miwa ya Kakira, Lugazi na Kinyara hamkosi Mlugbara, Mkakwa au Mualuri ambaye baba au babu yake alishuka kutoka West Nile kutafuta kibarua. Alikuja na mikono yake tu. Zana zilikuwa za mwenye shamba.

Leo baadhi ya wajukuu wa watu hao, huko Arua na Koboko, wanajifunza kazi nyingine: kujenga tovuti, yaani kurasa zile tunazozifungua katika simu. Wengine wamepita Chuo Kikuu cha Muni, chuo cha serikali kilichoanza Arua mwaka 2013, na wengine wanajifunza wenyewe. Nasi tunawauliza swali lile lile tunalouliza kiwandani: zana ni ya nani, na gharama yake inambeba nani?

Kwanza yafaa kueleza hali ya kazi yenyewe. Kwa miaka mingi West Nile haikuunganishwa na gridi ya taifa. Ilitegemea jenereta, na tangu mwaka 2012 bwawa dogo la Nyagak lenye megawati 3.5. Gridi ilifika Arua mwaka 2024. Kuhusu intaneti, mwaka 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila mtu atumiaye mitandao ya kijamii. Kodi hiyo ilipoondolewa mwaka 2021, ikaletwa nyingine ya asilimia 12 juu ya data. Tena Januari mwaka huo huo, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku tano. Fundi ambaye zana yake haifanyi kazi bila mtandao alikaa siku hizo mikono mitupu.

Kwa sababu hiyo zana inayofaa Koboko si lazima iwe ile inayosifiwa California. Ile inayofaa ni ile inayovumilia kukatika.

Chukueni Git, iliyoandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Mpya si lazima iwe imezaliwa jana. Kwa kijana anayeanza leo hii ni mpya. Git hutunza kumbukumbu ya kila badiliko la kazi, nani alilifanya na lini, na yote hubaki ndani ya kompyuta ya fundi mwenyewe. Umeme ukikatika, kazi iliyokwisha kuwekwa haipotei. Watu wawili wanaweza kufanya kazi moja, mmoja Koboko na mwingine Arua, kila mmoja peke yake, kisha wakaunganisha. Mtandao ukikosekana kabisa, kazi yote hutiwa katika fleshi na kupelekwa kwa teksi kwa barabara ya lami, kama kilomita 55, ikaunganishwa huko bila neno kupotea. Tunakiri kwamba zana hii ni ngumu kwa mwanafunzi, na maonyo yake yanatisha kuliko nyapara. Hata hivyo anayeivumilia wiki chache hatarudi nyuma.

Nyingine ni Kiwix, iliyoanza mwaka 2007. Hii huchukua maktaba nzima ya mtandao, kama Wikipedia au maswali na majibu ya waandishi wa programu ya Stack Overflow, na kuifunga katika faili moja. Mmoja akiipakua mara moja, hugawiwa wenzake kwa fleshi, nao husoma bila kununua hata megabaiti moja. Huu ndio ushirika kwa vitendo.

Sasa tuje kwa jambo linalowagusa ninyi msiojenga tovuti. Ukurasa wa kawaida siku hizi una uzito wa zaidi ya megabaiti 2, na sehemu kubwa ni picha. Kibarua anayefungua ukurasa wa ofisi fulani atafute fomu moja hulipia picha ya mkurugenzi akitabasamu. Fundi aliyeujenga, akiwa na mtandao wa kasi, hakuona shida yoyote. Ndiyo maana tunawahimiza vijana wabonyeze F12 katika Chrome au Firefox: hapo pana chombo cha kuupunguza mtandao kwa makusudi, fundi aone ukurasa wake unavyojikokota kama katika simu ya mtu wa Lobule. Kisha picha hizo azipitishe katika Squoosh, iliyotolewa bure mwaka 2018, ambayo hupunguza uzito wake mara nyingi kwa zaidi ya nusu. Kazi hiyo hufanyika ndani ya kompyuta yake mwenyewe, hakuna picha inayopelekwa kwa mwingine.

Zana zote tatu hazina bei, lakini kuna watu walioziandika, na wengi wa aina hiyo hufanya kazi bila ujira. Mwaka 2016 fundi mmoja aligombana na kampuni na kuondoa programu yake ndogo iitwayo left-pad, mistari 11 tu. Maelfu ya miradi duniani ikakwama kwa saa kadhaa. Wafanyakazi waliopata kugoma wataelewa haraka.

Kuna pia mashine zinazoandika programu zenyewe. Copilot ilipoanza kuuzwa mwaka 2022 bei yake ilikuwa dola 10 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 35,000, nayo hudai mtandao kila dakika. Hatusemi vijana wasiijaribu. Tunasema aina hii ya zana ni ya kukodi, na mwenyewe akipandisha kodi hakuna wa kumuuliza. Tena mashine za aina hii zina wafanyakazi nyuma yake. Gazeti la Time lilieleza Januari 2023 kwamba Wakenya waliosoma na kuchuja maandishi machafu kwa ajili ya kampuni ya OpenAI, kupitia mwajiri aitwaye Sama, walipata chini ya dola 2 kwa saa. Tarehe 1 Mei mwaka huo, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao.

Wajenga tovuti wa Arua na Koboko bado hufanya kazi kila mtu kivyake, kwa mapatano ya mdomo. Wapo wanaotuuliza kama mlango wa chama uko wazi kwa mtu asiye na mwajiri mmoja. Jambo hilo tungependa lijadiliwe katika matawi.