Jivu la viwandani hunasa sumu majini, lakini si la kutiwa mtungini

WATU wengi wa mijini wanaamini kwamba maji yakishachemshwa hayana neno tena. Kwa viini vya kipindupindu na homa ya matumbo, imani hiyo ni sawa. Lakini iko sumu isiyojali moto. Madini mazito kama vile risasi, kadimiamu na aseniki hayafi kwa kuchemshwa, kwani hayakuwa hai. Tena kadiri maji yanavyopungua kwenye sufuria, ndivyo madini hayo yanavyozidi kukolea.

Risasi ndiyo inayowatia madaktari hofu zaidi. Mwili huidhania kuwa kalsiamu, ukaiweka akiba katika mifupa kwa miaka mingi. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Mtoto aliyeathirika huishiwa damu, hukosa utulivu na huwa mzito wa kushika masomo, na wazazi hudhani ni utundu tu. Ikizidi sana, hushikwa na degedege na anaweza kufa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Wakenya hawana haja ya kutafuta mfano mbali. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Mnamo 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na kesi ikaendelea kwa rufaa.

Je, maji machafu ya viwanda yanaweza kuondolewa sumu hii kwa bei nafuu? Watafiti wa nchi nyingi wamejaribu kutumia jivu, hasa lile jepesi kama unga linalopanda na moshi wa makaa ya mawe katika mitambo ya umeme na kunaswa kabla ya kutoka nje.

Jivu hilo hufanya kazi kwa njia mbili. Kwanza, mengi ya majivu hayo yana alkali. Wapishi wa mrenda kule magharibi mwa Kenya wanaelewa: maji yaliyochujwa kwenye jivu huwa na utelezi kama wa sabuni. Risasi iliyoyeyuka ikikutana na maji ya namna hiyo hugandamana na kutuama chini. Pili, madini hunata kwenye uso wa chembe za jivu, jinsi vumbi linavyonata kwenye ukuta wenye rangi mbichi. Mnamo 1985 wataalamu Höller na Wirsching walionyesha kwamba jivu likipikwa na magadi makali ya sodiamu hugeuka zeolaiti, yaani kitu chenye vitundu vidogo mno ambacho huachilia sodiamu na kushika risasi badala yake.

Nchini Afrika Kusini, ambako migodi ya makaa hutoa maji yenye asidi na madini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape wameyachanganya maji hayo na jivu la mitambo ya umeme ili taka moja iponye nyingine. Hapa kwetu hakuna mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Leseni ya ule wa Lamu ilifutwa 2019. Lakini viwanda vya sukari huchoma makapi ya miwa, na jivu lake lina silika nyingi, nalo pia hunasa madini.

Tatizo ni kwamba jivu la makaa ya mawe lenyewe hubeba aseniki, seleniamu na kromiamu. Mnamo Desemba 2008, ukingo wa bwawa la jivu ulibomoka huko Kingston, Tennessee, Marekani, na tope likamwagika mtoni na kufunika mashamba. Isitoshe, jivu lililokwisha kunasa risasi ni sumu kavu. Likitupwa jalalani na kupatwa na maji yenye asidi, litaiachilia tena. Mwenye kiwanda akikwambia anasafisha maji yake kwa jivu, mwulize hilo jivu hulipeleka wapi. Asipokuwa na shimo lililotandikwa vizuri lisilovuja, sumu imehama tu kutoka mtoni hadi shambani.

Basi usitie jivu lolote mtungini, liwe la kiwandani au la jikoni. Huwezi kupima kwa macho lililotoka na lililoingia. Ukishuku maji yako, peleka sampuli kwenye maabara. WHO inapendekeza risasi isizidi miligramu 0.01 kwa lita. Wakati unasubiri majibu, mchanganyie mtoto maziwa kwa maji ya kwingine. Mpe maharagwe, mboga za majani na maziwa, kwani mwili wenye madini ya chuma na kalsiamu ya kutosha hufyonza risasi kidogo. Kisha mwombe daktari aagize kipimo cha damu. Kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita, WHO inashauri chanzo kitafutwe na kuondolewa.