Mshauri Asiyeuza Mbegu

Mjini Kitale huhitaji kumlipa mtu ili ujue mahindi yako yanaugua nini. Ingia duka lolote la pembejeo, weka jani lenye mabaka juu ya kaunta, utajibiwa papo hapo. Jibu lenyewe huja na chupa ya dawa. Ndivyo ilivyozoeleka katika kaunti hii ya Trans Nzoia tangu kampuni ya mbegu ya Kenya Seed, iliyoanzishwa mwaka 1956, ilipoanza kueneza mahindi chotara miaka ya 1960: mbegu na somo vilikwenda pamoja, na mkulima alilipia mbegu tu.

Kwa hiyo mtaalamu anayestaafu kutoka kampuni ya mbegu au kiwanda cha sukari, akasajili kampuni yake ya ushauri kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hukutana na jambo ambalo hakulitarajia. Wateja wapo, tena wengi. Ni wale wale waliomwita "daktari" miaka yote. "Daktari, ukipita huku uone mahindi yangu kidogo." Anapita, anaona, anakaribishwa chai, kisha anarudi nyumbani kwa mafuta ya pikipiki aliyonunua mwenyewe. Heshima anayo, ankara hana wa kumpa.

Wahandisi wana afadhali. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza mwaka 1974 na kusimama mwaka 2009, kiliacha watu wanaoijua boila kwa mlio wake. Sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka boila ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, na mamlaka ya mazingira, NEMA, inadai ripoti za mazingira kutoka kwa wataalamu wenye leseni. Hapo mwenye kiwanda hana budi kulipa. Kazi ni kupata hiyo leseni kabla ya kuchapisha kadi za biashara.

Mtaalamu wa mimea hana sheria ya kumsukumia wateja. Ana kitu kimoja tu ambacho duka halina: hauzi chochote. Chukua suala la udongo. Mashamba mengi ya ukanda huu yamepigwa mbolea ya DAP msimu baada ya msimu hadi udongo umekuwa na asidi. Mshauri anayejua kazi huja na ndoo ya plastiki, si ya mabati, kwa sababu zinki ya mabati huharibu vipimo. Huchimba sehemu kama 15 au 20 kwa mwendo wa zigizaga shambani, sentimita 20 kwenda chini, akiepuka palipowahi kulundikwa samadi. Huchanganya, akapunguza hadi nusu kilo hivi, akapeleka maabara. Kipimo cha pH kikirudi chini ya 5.5, huenda ushauri ukawa: mwaka huu punguza mbolea, nunua chokaa. Duka lililojaza DAP hadi darini halina haraka ya kukuambia hivyo.

Lakini siku mshauri atakapokubali kamisheni ya kila gunia, amekuwa duka jingine, tena lisilo na kaunta. Wengi hujikwaa hapo, maana kamisheni hulipwa haraka kuliko ada.

Na mteja wa Kitale si wa Bungoma. Upande wa Trans Nzoia bado kuna mashamba makubwa, yakiwemo ya ADC, shirika la serikali la maendeleo ya kilimo, ambapo ada ya ushauri ni tone ndani ya gharama za trekta na dizeli. Ukivuka Kamukuywa kuelekea Kimilili na Chwele, upande wa Bungoma, vipande vya ardhi vinapungua, na mkulima mmoja hawezi kubeba ada peke yake. Huko mshauri huongea na vyama vya ushirika vya kahawa au vikundi vya akina mama, na mkutano mmoja hulipiwa na watu 30. Popote alipo, kampuni ikimlipa mshauri ada, kwa kawaida hukata kodi ya zuio ya asilimia 5; adai cheti chake mapema, maana kitamfaa wakati wa kujaza ritani.

Kisha kuna kalenda. Mahindi hupandwa Machi na Aprili, na simu huanza kulia Februari, wakati karo imeshabeba pesa zote na chokaa imechelewa, kwa kuwa inahitaji majuma kadhaa udongoni kabla ya mbegu. Anayetaka kulipwa hutembelea wateja Novemba na Desemba, mahindi yakiwa bado yanapukuchuliwa na lori la mnunuzi limeegeshwa uani.