Radi: kwa nini mwanga unatangulia ngurumo?

Kivu ni kati ya sehemu ambako radi inapiga sana duniani. Uchunguzi uliotoka mwaka 2016 uliweka Kabare nafasi ya pili duniani: karibu radi 205 kwa mwaka katika kilometa mraba moja.

Radi ni umeme. Ndani ya wingu vipande vidogo vya barafu vinagongana, umeme unajikusanya, kisha unatafuta njia ya kushuka. Hakuna mutu anayeutuma; kumshitaki jirani uchawi ni kumwonea bure.

Mwanga na ngurumo vinatoka pamoja. Lakini mwanga unakimbia kilometa 300.000 kwa sekunde, sauti mita 340 tu. Njo maana ngurumo inachelewa.

Ukiona mwanga, hesabu polepole. Kila sekunde tatu ni kilometa moja. Ngurumo ikifika mbele ya sekunde 30, radi iko karibu, hata kama mvua haijaanza. Toka shambani, toka ziwani, usijifiche chini ya mti. Ingia nyumba imara, ungoje dakika 30 kisha ngurumo ya mwisho.

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini: mumuguse bila woga, mumupeleke hospitali mbio.