ANAYEIFUNDISHA MASHINE NAYE NI MFANYAKAZI

Vitabu vya dini vinatusimulia habari za Adamu na majina ya viumbe. Kazi ile ya kutoa majina haikwisha siku zile. Katika mkoa wetu wa Mara ingali ikiendelea, tena imeanza kukabidhiwa mashine. Na jambo hili, ingawa laonekana kuwa la wataalamu peke yao, lawahusu sana wafanyakazi na wanachama wa Chama.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walianza kutega kamera 225 katika Hifadhi ya Serengeti, katika eneo la kilometa za mraba 1,125. Kamera hizo hupiga picha zenyewe zinapohisi joto na mwendo mbele yake. Picha zikaja kwa mamilioni. Lakini picha isiyo na jina haimfai mtafiti. Hawezi kuhesabu simba wala nyumbu mpaka kwanza mtu aitazame na kusema: huyu ni simba, hawa ni nyumbu, na hapa hapana kitu ila majani yaliyotikiswa na upepo. Picha kama tatu katika kila nne zilikuwa tupu.

Mvuvi wa Musoma ataelewa upesi. Samaki wakifika mwaloni sharti watu wakae wachambue, sangara huku, sato huku, furu kule. Kazi hiyo haina sifa kubwa, lakini pasipo hiyo hapana soko.

Wachambuzi wa picha za Serengeti walikuwa watu wa kujitolea, zaidi ya 28,000 waliojiandikisha kwenye mtandao. Picha moja ilionyeshwa watu kadhaa, na jina likakubaliwa kwa wingi wa kauli, kama tufanyavyo katika mikutano yetu. Ndipo mwaka 2018 kundi la wanasayansi likatangaza kwamba limeifundisha kompyuta kwa picha milioni 3.2 zilizokwisha kupewa majina, hata ikaweza kutambua aina 48 za wanyama. Ilipoachiwa picha zile tu ilizokuwa na hakika nazo, ilishika asilimia 99.3 ya kazi kwa usahihi wa asilimia 96.6, sawa na ule wa watu. Wakakadiria kuwa zaidi ya saa 17,000 za kazi ya binadamu zingeokolewa.

Sisi hatumo miongoni mwa wale wachukiao mashine. Trekta halimdhulumu mkulima kwa kulima. Dhuluma huingia pale mwenye trekta anapojitwalia mavuno yote. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: elimu ya kompyuta hii ilitoka wapi? Haikuzaliwa nayo. Yote iliyoyajua kuhusu nyumbu ilifundishwa na macho ya watu.

Wala si wanyama tu. Katika maabara za nchi tajiri wako wanasayansi wanaotengeneza vifaa vya kwantamu, vidogo mno, vya kunasa elektroni moja moja. Vipimo vyao hutoka kama picha za mistari, na mtaalamu sharti aseme kila picha ni ya hali gani. Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walitoa picha zilizobuniwa na kompyuta yenyewe, ambazo majina yake yalijulikana tangu mwanzo, ili mashine ijifunzie humo. Lakini vipimo halisi vina kasoro na ukungu, na huko jicho la mjuzi lingali linahitajiwa.

Mashine hujua ilichofundishwa tu. Mnyama wa nadra kama kicheche huitatiza, kwa kuwa mifano yake ni michache. Na ikipelekwa mahali pageni hukosea zaidi. Wakulima wa vijiji vya Bunda vinavyopakana na hifadhi wanajua jinsi tembo waingiavyo shambani usiku. Tukitaka siku moja kamera ziwalinde, hatuna budi picha za Bunda zitiwe majina na watu waijuao Bunda.

Hapa ndipo penye hatari na penye tumaini. Mwezi Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza habari za wafanyakazi wa Nairobi waliosoma na kutia alama maandishi ya ukatili na uchafu, ili akili mnemba ifundishwe kuyaepuka, kwa ujira usiofika dola 2 kwa saa. Mashine ikapata sifa duniani, waliofundisha hawakutajwa. Unyonyaji ni unyonyaji, hata ukifanyika mbele ya kioo cha kompyuta.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaazimia kwamba elimu na kazi visitengane. Azimio hilo lafaa kabisa kwa jambo hili. Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, pana Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina lake. Tunasema: picha na vipimo vinavyochukuliwa katika ardhi ya Mara vichambuliwe pia na vijana wa Mara, wakijifunza jinsi mashine inavyofundishwa na si kubofya tu. Tunasema tena: kazi hiyo ikifanywa kwa ajira, ifuate Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, yenye kikomo cha saa 45 za kawaida kwa juma. Na vyama vya wafanyakazi vianze sasa kuwaandikisha watu hawa, kabla kazi haijaenea bila ulinzi.

Mwalimu wa shule hulipwa kwa sababu mtoto hakuzaliwa akijua kusoma. Mwalimu wa mashine naye apewe haki yake.