Mashine ya Kahawa Iliyotengenezwa Ulaya na Namna ya Kuitambua

Mnunuzi anayetafuta mashine ya kahawa ya jikoni iliyotengenezwa Ulaya hana budi kutenganisha mambo mawili ambayo matangazo huyachanganya, yaani jina la kampuni na mahali kilipo kiwanda. Kampuni kadhaa zenye majina ya Kiitaliano au Kijerumani zimebakiza Ulaya makao makuu na wabunifu wao, huku sehemu ya bidhaa zao ikitengenezwa Asia, hasa China, ilhali nyingine zinaendelea kuunda mashine katika miji ileile zilikoanzishwa. Kwa sababu hiyo, uchunguzi wa asili ya mashine hufanywa toleo kwa toleo, kwa kuwa kampuni moja inaweza kuwa na mashine mbili zinazokaa bega kwa bega dukani, moja ikiwa imetoka Italia na ya pili Asia.

Ulaya ina historia ndefu katika ufundi huu. Mwaka 1901, Luigi Bezzera wa Milano aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa mashine iliyotumia nguvu ya mvuke kutengeneza kikombe kimoja kimoja cha kahawa. Mwaka 1908, Melitta Bentz wa Dresden alisajili kichujio chake cha karatasi. Na mwaka 1933 Alfonso Bialetti, aliyekuwa na karakana ya alumini kaskazini mwa Italia, alitoa birika la moka, ambalo mvuke wake huyasukuma maji yapande na kupenya katika unga wa kahawa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Achille Gaggia wa Milano alileta mashine ya wenzo iliyotoa espreso yenye povu la rangi ya dhahabu, na mwaka 1954 Mjerumani Gottlob Widmann akasajili mashine ya umeme ya kuchuja kahawa kwa matone.

Alama zilizobandikwa chini ya mashine ndizo ushahidi wa kwanza, lakini zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Herufi CE, ambazo wanunuzi wengi huzidhania kuwa uthibitisho wa asili ya Ulaya, ni tamko la mtengenezaji kwamba bidhaa inatimiza masharti ya usalama ya Umoja wa Ulaya, na mashine iliyoundwa China hubeba alama hiyohiyo inapouzwa huko. Maneno yanayotaja nchi iliyotengeneza bidhaa yana uzito zaidi, ingawa nayo yana mipaka yake: kwa mujibu wa sheria ya forodha ya Umoja huo, bidhaa iliyopitia nchi zaidi ya moja huhesabiwa kuwa ya nchi ilikofanyiwa hatua ya mwisho ya maana ya utengenezaji, na hivyo vifaa vya ndani vinaweza kuwa vimeagizwa kutoka mbali. Uswisi imeweka sharti kali zaidi, kwani tangu mwaka 2017 bidhaa ya kiwandani haiwezi kuitwa ya Uswisi isipokuwa angalau asilimia 60 ya gharama za kuizalisha ziwe zimetumika nchini humo.

Katika kundi la mashine za kuchuja, ambazo huchemsha maji na kuyadondosha juu ya unga uliowekwa ndani ya kichujio, mfano ulio wazi kuliko yote ni Moccamaster ya kampuni ya Technivorm, iliyoanzishwa na Gerard Clement Smit mwaka 1964 na inayounda mashine zake kwa mikono katika mji wa Amerongen, Uholanzi. Kipashio chake cha shaba huyafikisha maji kwenye joto la kati ya nyuzi 92 na 96 za Selsiasi, kiwango kinachotoa ladha ya kahawa bila kuiunguza, na sehemu zake nyingi huweza kufunguliwa na kubadilishwa moja moja.

Kundi la espreso, ambalo husukuma maji ya moto kwa shinikizo la takriban baa 9, yaani mara tisa hivi ya mgandamizo wa kawaida wa hewa, bado lina mizizi mirefu kaskazini mwa Italia. La Pavoni, iliyoanzishwa Milano mwaka 1905, inajulikana kwa mashine yake ndogo ya wenzo iitwayo Europiccola, ambayo mtumiaji huiendesha kwa nguvu ya mkono wake. Rancilio, iliyoko Parabiago karibu na jiji hilo, hutengeneza mashine ya Silvia. Mashine ya Gaggia Classic, iliyotoka mwaka 1991, inaonyesha kwa nini mwaka wa kutengenezwa nao ni muhimu, kwani uzalishaji wake uliwahi kuhamia Romania kabla ya kurejea Italia.

Mashine zinazojiendesha, ambazo husaga buni na kutoa kahawa kwa kubonyeza kitufe, zimetawanyika zaidi. Jura ya Uswisi huundiwa mashine zake na kampuni ya Eugster/Frismag, yenye viwanda Uswisi na Ureno. Krups, jina la Kijerumani lililo mikononi mwa kampuni ya Kifaransa ya SEB, huunda za kwake Mayenne, Ufaransa. Nayo BSH, inayouza mashine kwa majina ya Bosch na Siemens, ina kiwanda Nazarje, Slovenia. De'Longhi ya Treviso ina viwanda Italia, Romania na China, na ndiyo maana mnunuzi wa jina hilo hulazimika kusoma kibandiko cha kila toleo.

Kwa asiyehitaji umeme, birika la moka la Bialetti halitengenezwi tena Omegna, ambako kiwanda kilifungwa mwaka 2010, lakini lile la alumini limeendelea kuundwa Romania. Birika la kukandamiza la Bodum, kampuni iliyozaliwa Denmark, hutengenezwa Ureno.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya pekee ya kuzingatia pia soko ambalo mashine ilikusudiwa, kwani mashine iliyokusudiwa soko la Ulaya hutumia volti 230 na hezi 50, kiwango kinachopatana na umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda, ambako kinachohitajika ni kubadilisha plagi tu, ilhali ile iliyonunuliwa Marekani kwa volti 120 huungua ikichomekwa moja kwa moja.

Asili ya Ulaya pekee haitoshi kuhalalisha bei, ambayo mara nyingi ni kubwa. Faida yake hujitokeza pale kiwanda kinapokuwa karibu na wahandisi wake, kikiuza mipira ya kuzibia, vipashio na pampu kwa miaka mingi baada ya mauzo, na kutoa michoro inayomwezesha fundi wa kawaida kuifungua mashine na kuifunga tena. Kabla ya kulipa, mnunuzi hupaswa kumwomba muuzaji picha ya kibandiko cha toleo husika, kumwuliza kwa maandishi nchi ilikounganishwa, na kuhakikisha kwamba vipuri vyake vinapatikana bila kulazimika kununua mashine nyingine. Mashine isiyo na vipuri itatupwa hata kama ilizaliwa Milano, na ile inayotengenezeka huirudisha bei yake kidogo kidogo kwa kila mwaka inaoendelea kufanya kazi.