Chanjo ya korona ilianzia kwenye maradhi ya ngamia

Barazani kwetu Lamu bado nasikia swali: vipi chanjo ya korona ilipatikana kwa muda wa mwaka mmoja tu? Jawabu ni kuwa kazi yenyewe ilianza kabla.

Mwaka 2012 Saudia iligunduliwa MERS, maradhi ya kifua yanayoletwa na kirusi cha jamii ya korona kitokacho kwa ngamia. Ndiyo sababu mahujaji wetu huonywa wasikaribie ngamia wala wasinywe maziwa yao mabichi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford walikuwa wakijaribu chanjo yake: walichukua kirusi cha mafua ya sokwe, wakakilemaza kisizaane, wakakipakia alama ya kirusi cha MERS ili mwili uijue. Covid-19 ilipozuka, chombo kilikuwepo, walibadilisha shehena.

Oktoba 2020 KEMRI ikaanza kuijaribu hapo jirani, Kilifi, kwanza kwa wahudumu wa afya 40 waliojitolea.

Wako wasemao tulifanywa panya. Lakini panya haulizwi. Mwenye kujitolea huelezwa hatari, hutia saini, na hujitoa atakapo. Tena, dawa isiyojaribiwa kwetu tutajuaje inatufaa?

MERS bado haina chanjo iliyoidhinishwa, na ngamia wa Kenya wanavyo virusi vyake. Basi ndugu zangu, watafiti wakija tena tusiwakimbie. Tuwaulize: madhara yake ni yepi, nani atatutibu tukidhurika, na ikifaulu, sisi tutaipata lini?