Klasi ya Java Ndani ya Kotlin, na Risiti Isiyokuwepo

Mteja katika mkahawa wa Kilimani anapokea ombi la malipo ya M-Pesa kwenye simu, kisha anabadili nia na kulikataa. Daraja, mfumo wa Safaricom unaounganisha programu za biashara na M-Pesa, unaipelekea seva ya mkahawa jibu lenye namba 1032: mteja ameghairi. Malipo yakifaulu namba huwa 0, na jibu hubeba pia sehemu iitwayo CallbackMetadata, yenye kiasi, namba ya simu na namba ya risiti. Jibu la kughairi halina sehemu hiyo, na hapo ndipo programu inaweza kuanguka.

Tuseme klasi inayosoma jibu, Malipo, iliandikwa kwa Java miaka iliyopita, na sasa timu inaandika kwa Kotlin, lugha ya JetBrains ambayo Google iliikubali rasmi kwa Android mwaka 2017. Hakuna haja ya kuiandika Malipo upya. Lugha zote mbili hugeuzwa kuwa baitikodi, maagizo yanayoendeshwa na mashine pepe ya Java, kwa hiyo Kotlin huitumia klasi ya Java kama yake. Hata getRisiti(), sehemu ya Malipo inayorudisha namba ya risiti, huweza kuandikwa risiti tu. Python haina bahati hiyo. Hulazimika kupitia kiungo kama JPype.

Lakini si kila ahadi huvuka mpaka. Kotlin hutenganisha String, maandishi ambayo lazima yawepo, na String?, yanayoweza kukosekana, na kompaila yake haikubali yachanganywe. Java haitofautishi hivyo. Basi klasi ikitoka Java, kompaila ya Kotlin hulegeza ukaguzi na kumwachia mwandishi uamuzi. Akitamka kwamba risiti ni String, msimbo unapita, majaribio ya malipo yaliyofaulu yanapita, na kosa linajitokeza siku mteja anapoghairi.

Wako wanaotawanya ukaguzi kila kona ya programu. Naona ni kazi bure: ukaguzi mahali pake ni mpakani. Mwenye msimbo wa Java aiwekee getRisiti() alama ya @Nullable, yaani risiti inaweza kukosekana. Kotlin huisoma, na kila mahali panapoitumia risiti kana kwamba ipo daima panakataliwa kabla programu haijawashwa. Klasi ikiwa ya maktaba ya wengine, izungushiwe klasi ndogo ya Kotlin inayotamka String? waziwazi, na programu nzima ipitie hiyo. Na katika majaribio, jibu la 1032 litangulie lile la 0.